Naomba ushauri: niwafungie nini watoto wakitoka kwenye sherehe?

Habari zenu ndugu zangu. Binti yangu anatimiza miaka 5 Jumamosi ijayo, hapa Kampala. Nategemea watoto 20, nami nimetenga shilingi 100,000, yaani 5,000 kwa kila mtoto.

Mwaka jana niligawa peremende na filimbi za plastiki. Hata keki haijakatwa, filimbi zikaanza kuvunjika midomo, na mtoto mmoja ilibidi nimtoe kipande kinywani kwa kidole. Nikikumbuka, moyo bado unanienda mbio.

Safari hii nataka kitu cha kudumu. Sokoni Kikuubo nimeona penseli za rangi na madaftari madogo kwa bei ya jumla. Shangazi wa binti yangu ni fundi cherehani, atashona vifuko kwa vipande vya vitenge vilivyobaki. Kimoja ameshanionyesha, kina kamba ya kufungia, kizuri kweli.

Kinachonisumbua ni wale wa miaka 2 wanaoletwa na dada zao. Puto siwapi, likipasuka vipande vyake vinaweza kumkaba mtoto. Karanga pia hapana. Niwatilie nini? Na watoto wa majirani wanaokuja bila kualikwa, niwawekee vifuko vingapi vya akiba? Sitaki mtoto yeyote atoke kwangu mikono mitupu.