Mrejesho: Mzigo "niliopokea" bila kuuona

Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi dereva wa kampuni ya kusafirisha vifurushi alivyoandika kwenye mfumo kwamba nimepokea mzigo wangu, ilhali nilishinda nyumbani kutwa nzima na hakuna aliyebisha hodi. Nilipompigia alinifokea, akakata simu.

Asanteni sana mlionishauri nidai uthibitisho. Huduma kwa wateja walinizungusha siku mbili, hatimaye wakatuma picha: boksi langu limewekwa mbele ya geti jeusi. Geti langu ni la kijani, na kutu imeanza kulila kwa chini. Sahihi nayo ilikuwa mstari mmoja tu uliopinda.

Picha hiyo nikampelekea muuzaji, maana yeye ndiye aliyewalipa wasafirishaji. Hapo ndipo mambo yakaanza kwenda. Jana boksi limeletwa na dereva mwingine, kona moja imebonyea ila vitu vyote vizima. Nilifungua mbele yake kabla sijasaini, naye akasubiri kwa ustaarabu kabisa.

Yule wa kwanza hajaniomba radhi mpaka leo, na kampuni haijasema lolote kumhusu. Hilo linaniuma kuliko kucheleweshewa mzigo.