Omikroni: "ni mafua tu", au tuahirishe kuweka msalaba wa mzee Tukuyu? Naombeni ushauri

Ndaga_Fijo – Desemba 13, 2021

Wakuu habari za jioni. Shikamooni wakubwa, wengine mambo.

Niende kwenye mada. Mzee wetu alitutoka Julai mwaka huu, wimbi la tatu lile la korona, tukaambiwa changamoto ya upumuaji. Tulizika harakaharaka, watu wachache, hata ndugu wa Dar hawakuwahi. Ukoo ukakubaliana Desemba 27 tukutane nyumbani Tukuyu tuweke msalaba na kumaliza msiba inavyotakiwa. Kamati imehesabu watu sitini na kitu. Ng'ombe kashalipiwa, ndizi zimeshawekewa alama shambani.

Sasa kaja huyu Omikroni, korona ya aina mpya. Mama ana miaka 74, ana sukari na presha, hajachanja (tunabishana tangu Agosti, hatujamaliza). Kaka yangu wa pili ni dereva wa lori, yuko njiani anatoka Joni (Johannesburg) kupitia Zambia, anategemea kuvuka Tunduma tarehe 23 aunganishe moja kwa moja nyumbani. Kaka mkubwa katuma kwenye grupu la ukoo klipu ya daktari wa Sauzi anayesema wagonjwa wake wanachoka na kuumwa kichwa tu, wanapona wakiwa nyumbani. Chini kaandika: "Haya ni mafua. Mjadala umefungwa." Dada wa Dar naye katuma yake: kirusi kina mabadiliko zaidi ya 30 kwenye ule mwiba wake kinaoingilia mwilini, tumekwisha.

Mimi nipo Uyole hapa, katikati yao, na ndiye niliyeshika daftari la michango. Mtu wa kawaida anajuaje kirusi kipya ni kikali au chepesi, wakati hao wataalamu wenyewe wana wiki tatu nacho? Na nifanye nini kabla ya tarehe 27?

Kabwe_Stendi

Michaichai, tangawizi, malimao, mpige mama nyungu, maisha yaendelee. Mmeanza tena.

Mama Parachichi

@Kabwe_Stendi nyungu tumepiga wote mwaka jana. Mimi nina kovu pajani, sufuria lilipinduka nikiwa ndani ya blanketi. Mwenzio kauliza kingine kabisa. Ndaga, pole kwa mzee. Nafuatilia uzi, nina bibi Njombe.

Mwalimu_wa_Mafinga – Desemba 13, 2021

Ndugu Ndaga, mimi nafundisha hesabu, udaktari siujui. Ila swali lako nusu yake ni hesabu.

Anza na kalenda. Sauzi walitoa taarifa Shirika la Afya Duniani Novemba 24, siku mbili baadaye kirusi kikapewa jina. Mpaka leo ni siku 19. Aliyeambukizwa leo ataanza dalili baada ya siku chache, akizidiwa mara nyingi ni kuanzia wiki ya pili, na anayefariki huchukua wiki mbili, tatu, hata zaidi. Wimbi likiwa bado linapanda, kila siku kuna lundo la wagonjwa wapya ambao siku yao ya kuzidiwa haijafika. Ukichukua vifo vya leo ukagawanya kwa wagonjwa wa leo, lazima upate kitu kidogo. Ni kama mtu kupanda viazi Uporoto Jumatatu, Ijumaa anachungulia shamba anatangaza mwaka huu hakuna ukungu.

Halafu uliza wagonjwa wenyewe ni akina nani. Yule mama daktari wa Pretoria hakudanganya, alisema alichokiona kwenye kliniki yake, na waliomjia wengi walikuwa vijana. Ndio wanaozunguka, ndio wanaowahi kuambukizwa. Yeye mwenyewe alitahadharisha kuhusu wazee ambao hawajachanja. Sijui kama kipande hicho kaka yako alikituma.

Na hapa ndipo watu wengi wanapopotea: Sauzi wameshapigwa mawimbi matatu. Wengi wao miili yao imeshapambana na korona, kwa kuugua au kwa chanjo. Kirusi kilekile kikimkuta mtu mwenye kinga kitaonekana kipole, kikimkuta asiye nayo sijui kitaonekanaje. Kwa hiyo mtu akikuambia chepesi, muulize chepesi kwa nani.

Mwisho wingi. Namba za mfano tu hizi, msinishike nazo: kirusi cha kwanza kinaambukiza watu 1,000, wawili kati ya kila 100 wanalazwa, hao ni 20. Cha pili ukali wake ni nusu, mmoja kati ya 100, ila kinasambaa kwa watu 4,000. Waliolazwa ni 40. Kwa mtu mmoja mmoja kimepungua, kwa hospitali kimezidi mara mbili.

Dada wa Dar naye apumue. Mabadiliko mengi yanaweza kudokeza kwamba kirusi kitakwepa kinga ya zamani. Ukali hauhesabiwi kwa wingi wa mabadiliko.

Mzalendo Asilia

Mabeberu wamebadilisha jina wauze chanjo. Mbona wamefungia ndege za kusini mwa Afrika wakati kirusi kilishakuwa kwao Ulaya?

Mwalimu_wa_Mafinga

Hapo kwenye ndege nipo na wewe. Uholanzi wamekikuta kwenye sampuli ya Novemba 19, kabla Sauzi hawajasema lolote. Aliyepiga yowe mapema ndiye aliyechapwa. Lakini hilo halimpunguzii mama yake Ndaga sukari.

Sista_wa_Zamu – Desemba 14, 2021

Nimetoka zamu ya usiku, nivumilieni makosa ya uandishi.

Mimi ukali wa ugonjwa siuangalii kwa idadi ya waliopimwa wakakutwa nao. Mama anakuja kujifungua, kijana kavunjwa mguu na bodaboda, wakipimwa wanakutwa nao, kumbe hawajaletwa na korona. Mimi naangalia mitungi ya oksijeni. Julai, usiku mmoja tulikuwa tunabadilisha mpaka mlinzi anakuja kusaidia kusukuma, na ndugu wa wagonjwa wamekaa koridoni wanahesabu ngapi zimebaki. Ukitaka kujua kirusi kimefikaje mkoani kwenu, tafuta mtu wa wodini umuulize mitungi, hizo klipu achana nazo.

Kuhusu mama, fanyeni haya kabla ya kujua lolote kuhusu Omikroni. Nunueni kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni. Mpimeni SASA akiwa mzima, siku tatu, asubuhi na jioni, muandike. Huku milimani namba zetu huwa chini kidogo ya za mtu wa Dar, Mbeya mjini tu ni karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Usipojua namba yake ya uzima, siku akiumwa utababaika. Kidole cha baridi kinadanganya, hina nayo inadanganya. Apashe mikono, atulie, subiri namba iache kurukaruka ndiyo usome. Ikishuka chini ya 94 ikabaki huko, mleteni. 90 kushuka chini, msisubiri kukuche.

Na tafadhali, msiende duka la dawa kununua deksa (deksamethasoni) "ya tahadhari". Ile inamsaidia aliyefikia kuhitaji oksijeni. Ambaye hajafika huko haimsaidii, na mwenye sukari inampandisha vibaya sana.

Chanjo: Janssen ni dozi moja. Akichanja kesho, mwili unataka wiki mbili na zaidi kujijenga, kwa hiyo tarehe 27 itamkuta njiani. Achanje hivyohivyo.

Utingo Mstaafu – Desemba 14, 2021

Mimi ni dereva, naandika nikiwa kwenye foleni, siku ya pili hapa Mpemba, Tunduma naiona tu. Niseme kwa niaba ya kaka yako.

Mwaka jana madereva tuliitwa korona inayotembea. Kuna sehemu mama lishe alikuwa ananiwekea sahani chini anasogea nyuma. Ukimpigia simu kaka yako ukamwambia "usije nyumbani", hatasikia kirusi, atasikia amekataliwa msibani kwa baba yake. Usimwambie asije. Mwambie atalala wapi. Mimi Krismasi nitakaa gesti Mbalizi siku nne ndipo niende kwa watoto. Mwambie gesti unalipa wewe, maji ya moto yapo na mpira ataangalia.

Sista_wa_Zamu

Siku nne si dhamana, wengine wanaanza dalili baadaye. Ila ni bora mara mia kuliko kushuka kwenye lori na kumkumbatia mama.

Ndaga_Fijo – Desemba 15, 2021

Nawashukuru sana. Kipimo nimenunua, 45,000. Mama jana 95, leo asubuhi 96, nimeandika nyuma ya daftari la michango.

Tatizo limebaki kaka mkubwa. Nimemwekea hoja za Mwalimu kwenye grupu, kajibu kwa emoji ya kucheka, na wajomba wawili wakamfuata. Na walioniambia inbox tukae nje, Tukuyu ya Desemba unamwambia nani akae nje? Mvua inaanza saa saba inaacha inapotaka.

Mama Parachichi

Mdogo wangu, kosa lako ni moja: umempinga kaka yako mkubwa mbele ya ukoo mzima. Hata kama klipu ingekuwa yake ya kutunga angeitetea. Nenda kwa shangazi, dada wa marehemu. Yule ndiye mwenye mtu wake. Nenda na sukari na sabuni, kaa chini, msimulie mama alivyo, acha habari za asilimia. Muombe tarehe 27 wawepo watu wa boma tu, sherehe kubwa isogezwe Pasaka, Aprili 17. Akikubali, mwache aseme yeye.

Turubai lipigwe kati, pembeni lisishushwe. Mvua itawalowesha miguu, si zaidi.

Mwalimu_wa_Mafinga – Desemba 16, 2021

Naongeza kidogo. Jana Chuo Kikuu cha Hong Kong wametoa matokeo ya maabara: Omikroni inazaliana kama mara 70 zaidi ya Delta (kile kirusi cha wimbi la tatu) kwenye njia za hewa, lakini kwenye nyama ya mapafu ni pungufu zaidi ya mara 10 ukilinganisha na kile kirusi cha mwanzo kabisa. Kaka mkubwa akiiona hiyo atashangilia, na kweli ni habari njema. Ila hao hao watafiti wameonya kwamba kirusi kinachoambukiza watu wengi zaidi kinaweza kuua wengi hata kama chenyewe ni kipole. Na ile ni tishu kwenye chombo, haina miaka 74 wala sukari.

Ndaga_Fijo – Januari 8, 2022

MREJESHO.

Shangazi alisikiliza, akanyamaza muda mrefu, nikadhani nimeharibu. Kesho yake kampigia kaka mkubwa mwenyewe: "Kaka yangu alizikwa na watu wachache. Msalaba nao hautakasirika ukiwekwa na watu wachache." Kaka hakuwa na pa kushika. Tulikuwa watu 19, turubai pembeni wazi, mvua ilitunyeshea kisawasawa. Wajomba wawili wamenuna mpaka leo, na nusu ng'ombe tumeirudisha kwa mwenyewe kwa hasara.

Kaka dereva alikaa gesti hapa Uyole, alikuja tarehe 27 na barakoa, akasimama kwenye mparachichi peke yake. Tulikuwa tumepanga mtoto ampelekee chakula. Mama akaichukua ile sahani akampelekea mwenyewe. Nani angemzuia.

Mwaka mpya watoto wa dada wakaanza makohozi, kisha kaka mkubwa, siku mbili kitandani. Hatukupima, kwa hiyo siwezi kusema ni nini. Januari 2 mama naye mafua. Saa tisa usiku nikampima: 91. Nilishaanza kutafuta funguo za gari ndipo nikamkumbuka Sista. Mikono ilikuwa ya baridi kama bomba la nje. Nikamshikisha kikombe cha chai, nikakaa nacho kitandani, nikapima tena: 95. Nikafungua nyuma ya daftari, namba yake ya uzima 95, 96. Tukalala. Tulimpima kila baada ya saa nne siku tano, haikushuka chini ya 94. Sasa anapalilia.

Chanjo bado. Ubishi wa Agosti unaendelea.

Kabwe_Stendi

Si nilisema mafua.

Sista_wa_Zamu

@Kabwe_Stendi kwa hao 19, sawa. Sisi wiki hii mitungi imeongezeka, si kama Julai, ila imeongezeka, na waliopo juu ya oksijeni ninaowahudumia ni wazee. Nimefurahi kwa mama. Hiyo ya kikombe cha chai nitawafundisha wanafunzi wangu.

Mwalimu_wa_Mafinga – Machi 15, 2022

Naufufua uzi kwa sababu swali la "chepesi kwa nani" limepata jibu. Gauteng kabla ya Omikroni, vipimo vya damu vilionyesha zaidi ya watu 7 kati ya 10 walishakuwa na kinga. Ndiyo maana wimbi lao lilipita na vifo vichache ukilinganisha na Delta. Sasa tazameni Hong Kong. Miaka miwili walikizuia kirusi mlangoni, walioumwa wachache, na wazee wao wengi hawakuchanja. Omikroni imeingia, na vifo vyao kwa hesabu ya idadi ya watu vimekuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani tangu janga lianze, karibu wote wazee. New Zealand nao walijifungia vilevile, ila wazee wao walichanjwa. Wimbi lipo, vifo ni vichache mno.

Ndaga, Pasaka imekaribia. Mama?

Ndaga_Fijo – Machi 16, 2022

Kachanja Februari. Hakushawishiwa na mimi wala grupu, shangazi alikwenda kuchanja akampitia njiani kama wanakwenda sokoni. Pasaka tupo sitini, ng'ombe mwingine.

Bulongwa_Kwetu

Samahani wakuu, nimesoma uzi wote. Nina mzee Makete anakohoa wiki ya pili. Hicho kipimo cha kidoleni bado unacho?

Ndaga_Fijo

Kipo. Kesho kuna gari la jirani linapanda Makete, njoo inbox nikupe namba ya dereva. Apashe mikono kwanza.