Nafundisha shule shikizi bila cheti. Nawezaje kuwa mwalimu kamili bila kuliacha darasa?

Binti wa Eyasi

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine.

Naishi bonde la Ziwa Eyasi. Mama yangu Mhadzabe, baba Mnyiramba. Nilimaliza kidato cha nne 2017, daraja la nne, pointi 28. Tangu 2019 nafundisha awali na darasa la kwanza kwenye shule shikizi ya kijijini kwetu, yaani tawi dogo la shule kubwa (shule mama). Kwenye karatasi naitwa mwalimu wa kujitolea. Michango ikipatikana napewa posho, isipopatikana napewa debe la mahindi.

Mwaka wangu wa pili aliletwa mwalimu wa ajira, kijana mchapakazi kweli. Darasani kulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka saba hivi, mwezi mzima hajafungua kinywa. Mwalimu akaandika kwenye daftari lake: "uelewa mdogo". Siku moja wakati wa uji nikakaa na yule mtoto chini ya mgunga, nikamsalimia "Mtana", nikamwaga mbegu za ubuyu mbele yake. Nikamwuliza kwa Kihadzabe ni mibuyu gani baba yake ameipanda kurina asali msimu ule. Akaanza kunieleza mmoja mmoja, ule wa karibu na mwamba, ule uliopasuliwa na radi, na kila mbuyu anaweka mbegu moja chini. Zikafika kumi na moja. Nikamfundisha kuzihesabu kwa Kiswahili palepale, na tuliporudi ndani akanyoosha kidole kwa mara ya kwanza.

Yule mwalimu alikaa miezi tisa akahama. Simlaumu, nyumba hakuna na maji ni ya kufuata kwa punda. Ila mimi nipo, na nitakuwepo.

Shida ni kwamba vyuo vya ualimu vinataka daraja la tatu. Na hata nikilipata, nina watoto wawili, na chuo si cha siku moja. Darasa nimwachie nani? Nimesikia zamani walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, walisoma hukohuko vijijini huku wanafundisha. Kuna aliyepita njia hiyo?

---

Mwalimu Mstaafu, Singida

Marahaba mwanangu. Mimi ni mmoja wao.

Azimio la Musoma lilipitishwa Novemba 1974, kwamba kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Walimu hawakuwepo. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundishia kwenye vijiji vyao. Karibu watu 38,000 tulipata ualimu kwa njia hiyo. Mimi nilichukuliwa nina miaka kumi na sita, nikapewa darasa la kwanza lenye watoto ambao baadhi yao ni wadogo zangu wa kuzaliwa.

Asubuhi unafundisha. Mchana unasoma vijitabu vya masomo kwa njia ya posta, unajibu maswali, unatuma, unasubiri. Vipindi vya redio tulisikiliza kwa mwalimu mkuu, kwake ndiko kulikuwa na redio. Betri zikiisha nguvu tulizianika juani juu ya bati ili zitufikishe mwisho wa kipindi. Baada ya miaka mitatu hivi, wiki sita za kukaa chuoni, halafu mtihani. Nikatoka na Daraja C, cheti cha ualimu cha ngazi ya chini.

Kilichonifanya mwalimu ni kitu kimoja. Kila Ijumaa mwalimu mkuu wangu alikuja kukaa dawati la nyuma, kimya, kipindi kizima. Hakuwahi kunikosoa mbele ya watoto. Jioni ananipa kipande cha karatasi chenye mistari miwili: wa kwanza jambo la kuendelea nalo, wa pili jambo la kuacha. Cha kwanza kabisa kilisema, "Majina yao unayajua yote. Acha kuuliza swali na kulijibu mwenyewe." Ninacho mpaka leo.

Nikueleze na upande wa pili. Watu walituita "Ualimu Pasipo Elimu", na iliuma. Lakini kulikuwa na ukweli ndani yake, kwa sababu jambo lilifanywa kwa haraka. Wenzangu wengine walipangiwa shule ambazo mwalimu mkuu hana muda nao, vijitabu vinafika vimechelewa, darasa lina watoto themanini. Hao waliachwa peke yao, na watoto wao wakaumia. Kijana wa kijijini akishikwa mkono anafundisha vizuri kuliko mgeni asiyejua lugha ya watoto. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na nitalisema popote. Akiachwa peke yake, anaharibikiwa kama mwingine yeyote.

Utaratibu ule haupo tena, kwa hiyo njia yako ni hii. Rudia kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka. Nenda kituo cha mtihani kilicho karibu uchukue namba rejea ya kujisajilia. Usirudie masomo mawili tu. Fanya yasiyopungua saba, kwani daraja hutokana na masomo saba bora. Ulizia pia kituo cha Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima katika wilaya yako, wanafundisha watu wa umri wako. Ukiingia chuo, omba mazoezi ya kufundisha ukafanyie shule mama ya hapo kwenu. Na tangu leo, mwombe mwalimu mkuu wa shule mama awe anakaa dawati la nyuma, hata mara moja kwa mwezi.

Nitajie masomo na alama zako tuone pa kuanzia.

---

Msafiri wa Marsabit

Dada, pole na pongezi. Huku kwetu kaskazini mwa Kenya, walimu wengi wasio wenyeji walihama baada ya mashambulizi, na kila mtu akakubali kwamba wenyeji wafunzwe. Mwaka 2018 wizara ikashusha alama ya kujiunga na vyuo vya ualimu kwa kaunti 17. Tume inayosajili walimu ikapinga. Mdogo wangu alikuwa mmoja wa vijana walioketi chuoni bila kujua kama watasajiliwa au la. Alikuwa akinipigia simu usiku analia.

Kwa hivyo nakubaliana na mzee: pita njia itakayokufikisha kwenye usajili. Ila pia naumia, kwa sababu wewe tayari unafanya kazi ambayo alama ya Kemia haiwezi kuipima.

---

Mmbulu Ughaibuni

Nipo Saskatchewan, Kanada, mimi ni msaidizi wa darasa. Kaskazini mwa jimbo hili wapo Wakri, Wadene na Wametisi, wenyeji wa asili wa huku. Walimu walikuwa wanatoka kusini, wakimaliza mwaka wanaondoka, kama huyo wako. Mwaka 1976 pale La Ronge ikaanzishwa programu ya kuwafundisha wenyeji ualimu, NORTEP. Walikuwa wanakaa La Ronge kusoma kwa muda, kisha wanarudi kwenye shule za kwao kufundisha kwa muda, halafu tena, hadi wanapata shahada kamili ya ualimu. Programu ilifungwa 2017, kazi yake ikahamishiwa chuo kingine. Nafanya kazi na mama mmoja aliyepita pale. Anafundisha wajukuu wa watu aliosoma nao shule ya msingi.

Kwenda na kurudi namna hiyo kungekufaa wewe. Nyumbani tunayo mabweni, tunavyo vyuo. Kwa nini tusiwaombe wakubwa wa elimu Manyara na Arusha wajaribu hata kwa watu kumi?

---

Binti wa Eyasi

Mwalimu, nimesoma jibu lako mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti, mama anasikiliza. Asante sana. Asanteni wote.

Alama: Kiswahili C, Historia D, Jiografia D, Uraia D, Biolojia D, Kiingereza D, Hisabati F.

Mwalimu mkuu wa shule mama nimemwambia leo. Amesema atakuja Alhamisi.

---

Mwalimu Mstaafu, Singida

Masomo ya kusoma na kueleza ndiyo yatakubeba. Anza na Historia, Jiografia na Uraia, kila siku saa moja baada ya watoto kulala. Zikipanda kuwa C umeshafika daraja la tatu. Hisabati tutakwenda nayo polepole, na zile mbegu za ubuyu usizitupe.

Alhamisi usibadilishe kitu. Fundisha kama siku zote, halafu njoo utuambie kipande cha karatasi kimeandikwa nini.