Mume Dar, mke Msata: nyumba ikae wapi?

Mleta mada, Bagamoyo

Habari zenu. Naleta jambo ambalo nyumbani limeshatuchosha, maana kila tukilianza tunalimaliza kila mtu amegeukia ukuta wake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Msata. Mume wangu yuko Dar, Kariakoo, anasimamia ghala. Tulipooana wazee walikaa mkekani, wakapima kwa kidole, wakasema Bagamoyo ndiyo katikati. Na kweli: kutoka Bagamoyo hadi Dar mjini ni kilomita kama 65, na barabara ya Bagamoyo–Makofia–Msata ni kilomita 64. Haki bin haki. Tukapanga mtaa wa Majengo, hapahapa Bagamoyo, tukazaa, huu mwaka wa nne.

Mkataba wa nyumba unaisha mwezi ujao. Mume anataka tuhamie Kerege, kama kilomita 20 kabla ya Bagamoyo ukitokea Dar. Hoja yake si ya kijinga, ndiyo maana nimeileta hapa badala ya kuinunia. Anasema kilomita zangu nyepesi, zake nzito. Mimi nikishapata gari ni Makurunge, Fukayosi, Kiwangwa, nimefika; kinachosimamisha gari ni abiria na matenga ya mananasi. Yeye kutoka hapa hadi Tegeta barabara ni nyembamba, lori moja la mchanga likiwa mbele safari yote ni yake. Kuanzia Tegeta inapanuka, lakini hapo ndipo ujenzi wa njia ya mabasi ya mwendokasi ulipoikamata. Africana, Lugalo, Mwenge, anashuka Makumbusho, anaanza kugombania gari la Kariakoo. Anatoka saa kumi na nusu alfajiri, anarudi saa tatu usiku. Mtoto wetu anamjua baba yake kwa kikohozi.

Sasa hoja yangu. Mimi nasema nyumba imfuate mwenye saa ngumu. Ghalani kwao akichelewa nusu saa ananuniwa, jioni anafidia, yameisha. Kwangu saa moja na nusu daftari la mahudhurio linapigwa mstari mwekundu, na ukizoea kusaini chini ya mstari barua inakufuata. Halafu darasa la kwanza halifidiwi jioni. Watoto wameshaenda kwao.

Na kuna jambo ambalo mume wangu halioni kwa sababu hajawahi kulisimamia. Kutoka Majengo napanda gari moja. Kutoka Kerege nitapanda mawili, na lile la kwanza nalitafuta saa kumi alfajiri, kinyume na mkondo. Saa hiyo magari yote yanatazama Dar. Ya kuja huku ni machache, na konda hana haraka. Foleni inakuchelewesha, lakini kukosa gari kunakulaza. Yeye kwenye foleni amekaa, analala, anasikiliza redio. Mimi nitakuwa nimesimama gizani peke yangu na mkoba wa madaftari.

Mama mkwe keshatoa hukumu yake: mwanamke ndiye anayefuata. Nampenda, lakini yeye hajawahi kufanya kazi iliyo na mstari mwekundu.

Mnasemaje? Na tafadhali, asiniletee mtu habari za "bwaga moyo", eti ndiyo asili ya jina Bagamoyo. Hapa tunabwaga mwili tu, tena kwa saa tano.

Mchangiaji wa Kerege

Dada, pole, lakini mumeo yuko sahihi. Nimehamia Kerege nikitokea Sinza, najua ninachosema. Usihesabu kilomita wala mistari ya daftari, hesabu muda ambao mtu yuko nje ya nyumba yake. Kwa maneno yako mwenyewe, yeye ni saa kumi na sita na nusu. Wewe je? Unatoka saa kumi na moja alfajiri, na nina hakika saa kumi na moja jioni uko jikoni. Mnapishana zaidi ya saa nne kila siku! Mtu wa namna hiyo ukimbana miaka mingine minne, ataanza kulala mjini "kwa rafiki". Sisemi zaidi.

Gari la alfajiri lina dawa yake: mtafute bodaboda mmoja anayeaminika, mpatane kwa mwezi, akupeleke stendi.

Mleta mada

Kaka, bodaboda kilomita 20, alfajiri, masika! Siku za kazi ni ishirini na mbili kwa mwezi. Zidisha nauli hiyo uniambie mshahara wa mwalimu unabaki na nini baada ya kodi na dada wa kazi. Na hao "marafiki" wa mjini hata wanaoishi Kerege wanao, usinitishe.

Kwenye saa nne umenishika, nakubali. Ila hizo saa nne sizilali. Ndizo za kupika, kuogesha na kusahihisha madaftari.

Mzee wa Dunda

Mimi nawasoma tu nacheka. Mnaujadili mji wetu kama kitanda: utoe huku, usogeze kule. Mtu analala Bagamoyo, anafanya kazi Dar, samaki ananunua Kunduchi akiwa njiani, mkutano wa mtaa haji kwa sababu Jumapili amechoka. Kodi za vyumba zimepanda kwa ajili yenu, na vijana wetu waliozaliwa Dunda na Magomeni ya hapahapa sasa wanatafuta vyumba nje ya mji.

Wajerumani walikuwa na makao yao makuu hapa, mwaka 1891 wakayahamishia Dar kwa sababu huku maji ya bandari ni mafupi. Wakaondoka nayo makarani, maduka na fedha. Sasa Dar inaturudishia watu, lakini inawarudisha wakiwa wamelala. Hilo ndilo swali la kujadili, mwanangu, si gari la saa kumi.

Mleta mada

Shikamoo mzee. Kwenye mkutano wa mtaa umenipata, sijawahi kwenda hata mmoja. Lakini samaki nanunua hapahapa sokoni, na mtoto anasoma hapahapa. Tukihamia Kerege ndipo utakuwa umetupoteza kabisa, kwa hiyo uniunge mkono.

Mchangiaji wa Tanga

Mwalimu mwenzangu, mimi nafundisha Pangani, mwenzangu yuko mpakani Horohoro. Yeye kaskazini kilomita kama 65, mimi kusini kama 50, nyumba yetu ipo Ngamiani, hizi barabara za namba. Kwetu katikati ni katikati kweli. Mji mwenyewe ukiamua unauzunguka kwa baiskeli, foleni tunaiona kwenye taarifa ya habari. Wanasema Tanga ni waja leo waondoka leo. Sisi tulikuja na tukabaki, na safari ni sababu mojawapo.

Lakini haikuwa hivyo siku zote. Barabara ya Pangani ilipokuwa vumbi, ikifika masika kilomita zangu hamsini zilikuwa ndefu kuliko za mtu anayekwenda Mombasa. Kuna wiki nilikuwa nalala Pangani kwa mwalimu mwenzangu, Jumatatu hadi Ijumaa. Wakati huo mume ndiye aliyekuwa na njia nyepesi na mimi nzito, na hatukuhama. Unajua kwa nini? Tulijiuliza swali moja tu: mtoto akipata homa saa nne asubuhi, nani anafika kwanza? Yeye alikuwa anafika kwa saa moja na kidogo. Kwa hiyo mtoto alibaki mjini na baba, mimi nikalala Pangani, na maneno ya watu tukayaacha yapite.

Kwa hiyo sikubaliani na wewe wala na mumeo. Nyumba haimfuati mwenye saa ngumu. Inamfuata anayeweza kurudi mchana.

Mleta mada

Hili limenikalisha. Mwaka jana dada wa kazi alinipigia saa tano, mtoto ana degedege. Mimi nilifika saa saba kasoro, baba yake alifika saa tisa na nusu. Nilikuwa naihesabu siku ile kama bahati mbaya, sikuwahi kuiweka kwenye mizani. Kwa kipimo chako bado ni mimi, maana anayerudi mchana ni mimi. Ila ni mimi kwa sababu tofauti na niliyoitoa, na hii ya kwako ina nguvu zaidi.

Afisa utumishi mstaafu

Wote mnahamisha nyumba. Kwa nini msihamishe kazi? Kumfuata mwenza ni sababu halali ya kuomba uhamisho katika utumishi wa umma. Tatizo ni kwamba walimu wengi wanaomba kwenda moja kwa moja Dar, na huko foleni ya maombi ni ndefu kuliko ile ya Lugalo. Ombi la kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine linafika hadi TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. La ndani ya mkoa linaishia kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Chalinze, ambako Msata ipo, na Bagamoyo ni halmashauri mbili, mkoa ni mmoja wa Pwani. Omba Bagamoyo, usiombe Dar. Na utafute mwalimu wa Bagamoyo ambaye kwao ni Msata au Lugoba mbadilishane. Ombi lenye mtu wa kuziba pengo husomwa kwa jicho jingine.

Jambo la pili, na hapa nitawaudhi. Viongozi wamesema mara nyingi kwamba mtumishi akae kwenye kituo chake cha kazi. Mnawaona wakali, lakini mzazi wa Msata naye ana haki ya kumwona mwalimu wa mwanawe jioni. Mwalimu anayeondoka na gari la saa tisa ni mgeni kijijini.

Mleta mada

Mzee wangu, ombi la kuhamia Bagamoyo nimeshaliandika, nasubiri. Wa kubadilishana naye bado simjui, kama yumo humu ajitokeze.

Kuhusu kukaa Msata: nikikaa Msata, mume wangu atakuwa na kilomita karibu 130 kwenda tu. Ndoa hiyo itakuwa ya mwisho wa wiki. Wapo wanaoiweza na siwasemi vibaya, lakini iitwe kwa jina lake, tusijidanganye kwamba ni suala la nidhamu ya kazi.

Mchangiaji, Makumbusho

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka mume amtunze mkewe kwa malazi, mavazi na chakula. Haijasema malazi yawe karibu na ghala. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa Kerege

Na haijasema yawe karibu na Msata vilevile! Dada, umejibu kila mtu isipokuwa lile la msingi: saa nne za mumeo nani anazilipa?

Mleta mada

Sikuzijibu kwa sababu sina jibu, nilikuwa najificha nyuma ya madaftari. Jana nimempa mume wangu simu asome mjadala wote. Amesoma hadi kwa yule wa Tanga, akakaa kimya, akaniuliza, "Siku ile ya degedege uliniambia umefika saa ngapi?" Nikamwambia. Akarudisha simu.

Asubuhi tukakubaliana hivi. Shemeji yangu ana nyumba Kerege. Jumapili usiku tunakwenda kulala kwake. Jumatatu mume ana ruhusa, kwa hiyo saa kumi alfajiri tunatoka wote wawili, anasimama na mimi barabarani hadi gari lipatikane, tunapita stendi ya Bagamoyo, tunakwenda naye hadi getini kwa shule Msata. Aone mstari mwekundu kwa macho yake. Jumamosi inayofuata, ambayo wao wanafanya kazi, mimi nakwenda naye Kariakoo na kurudi, kwa saa zake hasa, nisilale njiani. Mkataba wa Majengo tumeomba tuongezewe miezi mitatu.

Nitarudi kuwaambia.

Mzee wa Dunda

Jumatatu mkipita stendi nunueni hata maandazi. Ya hapa.