Mashine ya kufulia imekufa baada ya miaka 5, ya mama yangu ina miaka 22: nitengeneze au ninunue nyingine?

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba ushauri kabla sijatoa fedha. Mashine yangu ya kufulia, ya mlango wa mbele, ilianza kunguruma wakati wa kukamua nguo miezi mitatu iliyopita, na sasa inatoa mlio kama wa mawe yanayosagwa huku maji ya rangi ya kutu yakichuruzika chini yake. Fundi aliifungua mbele yangu akanionyesha kwamba beringi zilizo nyuma ya ngoma zimekwisha. Hilo ningelivumilia. Lililoniudhi ni kwamba tangi la plastiki linaloizunguka ngoma limeunganishwa kwa kuyeyushwa, halina hata skrubu moja, hivyo beringi mbili zinazoenea kiganjani hazitoki mpaka tangi lote lipasuliwe. Tangi jipya pamoja na ngoma yake linakaribia bei ya mashine mpya.

Mashine ya mama yangu ilibadilishwa beringi mara moja tu, kwa sababu tangi lake limefungwa kwa skrubu pande zote, na bado inafua. Nyumbani tumegawanyika: shemeji yangu anasema uimara ulikufa siku viwanda vilipohamishiwa nchi za ujira mdogo, na kaka yangu anazilaumu sheria za mazingira. Nauliza nani yuko sahihi kwa sababu jibu litaamua ninunue nini, au kama ninunue kabisa.

Bisibisi

Pole sana, ndugu. Mimi ni fundi, na nakushauri usinunue kitu kwanza. Tangi la aina hiyo hukatwa kwa msumeno wa chuma kwa kufuata mstari wa maungio, beringi na sili (mpira unaozuia maji yasifike kwenye beringi) zikabadilishwa, kisha likarudishwa kwa skrubu na silikoni. Kiwanda hakikukusudia lifunguliwe, lakini wengi wetu tumelifungua, na hatari kubwa ni kuvuja.

Kabla ya kulipa, mwambie fundi wako akukagulie kile kipande cha alumini chenye mikono mitatu kinachoishikilia ngoma kwenye mhimili wake. Ngoma ni chuma kisichoshika kutu, mikono ile ni alumini, na metali hizo mbili zikigusana ndani ya maji ya sabuni yenye magadi, alumini ndiyo inayoliwa. Mashine inayofua kwa maji ya vuguvugu peke yake hujaza uteute wa sabuni kwenye mifereji ya mikono hiyo, uteute ukashika unyevu, na ulaji ukaongezeka. Kwa hiyo kaka yako ana kipande kidogo cha ukweli: tumehimizwa kufua kwa joto la chini ili kuokoa umeme, ila hatukuambiwa kwamba mara moja kwa mwezi mashine inahitaji kuzungushwa tupu kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi. Ukikuta mkono umepasuka, acha kabisa. Ngoma ikivunjika katika mizunguko 1,200 kwa dakika, haina adabu.

Mtaka Haki

Fundi, unawasamehe watunga sheria za mazingira mapema mno. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku metali ya risasi katika lehemu inayounganisha vifaa vya umeme kuanzia Julai 2006, viwanda vyote vinavyouza huko vililazimika kufuata. Lehemu ya zamani, bati 63% na risasi 37%, huyeyuka kwa nyuzi 183. Ile ya bati, fedha na shaba iliyochukua nafasi yake inahitaji takriban 217, hivyo kila kifaa kwenye bodi ya umeme ya mashine hupikwa zaidi siku ya kuunganishwa, na bati likikosa risasi huweza kuota nywele nyembamba za metali zinazosababisha shoti. Halafu tunashangaa bodi kufa.

Mnunuzi wa Zamani

Ndugu Mtaka Haki, uliyoyasema kuhusu lehemu ni kweli, ila mashine ya mleta mada haikufa kwa lehemu. Imekufa kwa beringi zilizofungiwa ndani ya plastiki.

Kwa miaka mingi nilifanya kazi ya kuagiza bidhaa kutoka viwanda vya ng'ambo. Kiwanda hutengeneza kile kilichoandikwa kwenye oda. Ukiandika tangi la skrubu na sili ya midomo miwili, utaletewa. Ukiandika bei fulani na usiseme lolote kuhusu sili, utaletewa bei hiyo. Tena tamaa ya kufupisha maisha ya bidhaa haikungoja viwanda vihame: mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu, Osram na Philips wakiwemo, walikubaliana balbu isizidi saa 1,000, na balbu hizo walizitengeneza kwao.

Kuhama kwa viwanda kumeharibu mahali pengine ambapo shemeji hakupagusa. Mashine huunganishwa kwa ujira wa kule, lakini fundi hulipwa kwa ujira wa mahali unapoishi, kwa hiyo hata tangi lingekuwa na skrubu, saa nne za kazi yake zingekaribia thamani ya bidhaa nzima. Na moshi wa makaa ya mawe yaliyoyeyusha chuma cha mashine mpya huandikwa kwenye hesabu ya nchi yenye kiwanda, huku wewe mnunuzi ukibaki na lebo safi ya kijani mlangoni.

Lawama yangu kwa watunga sera iko hapo. Lebo ya nishati hupima umeme na maji ya kila mzunguko wa kufua. Miaka ambayo mashine itaishi haimo. Walipoamka, kanuni za Ulaya zilizoanza kutumika Machi 2021 ziliwataka watengenezaji wa mashine za kufulia waweke spea kwa angalau miaka 10, na beringi za ngoma zimetajwa waziwazi. Lakini maneno ya kanuni yanaruhusu ngoma, ile mikono yake na beringi viuzwe kimoja kimoja au kwa pamoja. Mleta mada, neno hilo "kwa pamoja" ndilo ulilosomewa na fundi wako kama bei.

Ukilazimika kununua, usiulize imetengenezwa nchi gani. Uliza kama tangi linafunguka, na kama beringi zinauzwa peke yake. Muuzaji asiyejua akuonyeshe mchoro wa spea. Kuhusu kutafuta mashine kuukuu kama ya mama, kumbuka kwamba hiyo ni manusura. Wenzake waliokufa mapema hawana wa kuwasemea.

Mleta mada

Nawashukuru sana nyote. Tumekata tangi leo asubuhi. Mikono ya alumini ina vishimo vyeupe kama vya jino bovu, lakini fundi aliikwangua na kuigonga kwa nyundo ndogo, na hakuna uliopasuka. Beringi zilikuwa na namba 6205 na 6206, saizi za kawaida kabisa, nazo zimegharimu sehemu ndogo sana ya bei ya lile tangi. Sili ilikuwa imekakamaa, na maji yalipitia hapo.

Tumefunga skrubu 34 kuzunguka maungio. Katika jaribio la kwanza limevuja tone moja kila baada ya dakika chache, upande wa chini karibu na pampu, kwa hiyo fundi ameongeza silikoni na ameniagiza nisiiguse mpaka kesho jioni. Kaka na shemeji wamekuja kuitazama, na bado wanabishana.