Mwanangu ameacha kuongea nje ya nyumba tangu tuhamie Dar, nifanyeje?

MamaWawili_Nakuru

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni Mkenya wa Nakuru. Mume wangu alipata mkataba wa kazi wa miaka miwili hapa Dar, tukahamia Kijitonyama mwezi wa nane na watoto wetu, mvulana wa miaka sita na msichana wa mwaka na nusu.

Niliogopa joto, niliogopa shule, lakini lugha sikuiogopa hata kidogo. Si Kiswahili ni chetu sote? Wiki ya kwanza kijana alitoka kucheza na watoto wa uani, akawaambia, "Nipee hiyo mpira yangu." Wakacheka, wakawa wanaigiza ile sentensi kwa sauti yake mpaka magharibi. Hakulia. Kesho yake hakutoka, na tangu hapo akivuka mlango wetu hafungui mdomo. Ndani anaongea nami kama kawaida, ila akisikia hodi anakimbilia chumbani.

Kilichoniumiza zaidi ni mama mmoja jirani, mtu mzima. Alipita kibarazani akasimama kungoja salamu, mtoto akamtazama tu. Akaniambia, tena kwa upole, kwamba mwanangu hana adabu. Kwetu mtoto hutoa mkono, basi. Shikamoo ni ya kwenye kitabu cha shule. Nililia siku ile.

Januari anatakiwa kuanza darasa la kwanza. Nimpeleke shule ya serikali ajifunze Kiswahili haraka, au ya Kiingereza ili tukirudi nyumbani asipotee? Na huyu mdogo ameshaugua malaria mara moja, kitu ambacho Nakuru sikukijua. Nisaidieni, hasa mliowahi kulea ugenini.

Bibi_wa_Magomeni

Pole mwanangu, na karibu sana. Jirani yako hana ubaya. Hapa mtoto akimpita mkubwa bila shikamoo, mkubwa anaona kama amerukwa.

Lakini usimsukume mtoto aseme mbele za watu, utamfunga zaidi. Anza wewe. Ukitoka naye asubuhi kwenda dukani, kila mkubwa mpe shikamoo yake, waitikie marahaba, yeye asikie tu. Dukani useme "naomba mkate", usiseme "nipe mkate". Siku moja itamtoka mwenyewe.

Na huyo mama mwendee. Pika chapati, mpelekee, umwambie, "Mama, sisi kwetu hatukukuzwa na shikamoo, naomba unisaidie kumfundisha mjukuu wako." Ukishamwita mjukuu wake, huyo mtoto hatachekwa tena mtaani na yeye yupo.

BabaPendo

Dada, mimi yalinikuta kinyume. Tuliishi Nairobi miaka mitatu, na binti yangu alichekwa kwa sababu hiyohiyo ya "naomba", wenzake wakisema anaongea kama redio. Alikaa kimya karibu miezi miwili. Watoto wengi wakiingia kwenye lugha ngeni husikiliza kwanza, na kwa mtoto, Kiswahili cha mtaa mwingine ni lugha ngeni kabisa.

Kilichomfungua ni rafiki mmoja. Sisemi kundi, mmoja. Tulimwalika mtoto wa jirani ndani kila Jumamosi, tukawaacha wachore. Wewe pia tafuta mmoja. Halafu mwambie kijana kwamba ile brikicho aliyocheza kwao, hapa wanaiita kombolela. Akijua mchezo anaujua tayari, jina tu ndilo limebadilika, atapata pa kuanzia. Siku nyingine mpeleke Makumbusho ya Kijiji, ni hapo jirani na kwenu, akaingie kwenye zile nyumba za asili. Huko hakuna anayemtaka aseme kitu.

Nesi_Tabata

Naomba nizungumzie malaria, maana hili halisubiri. Nakuru ni juu, mbu wa malaria ni wachache, kwa hiyo wanao hawajajenga kinga yoyote. Mtoto akichemka, apimwe siku hiyohiyo. Usimpe dawa kwa kubahatisha. Akikutwa nayo akapewa dawa mseto, amalize siku zote tatu hata kama homa imeshuka kesho yake, na ainywe pamoja na chakula au maziwa. Chandarua chenye dawa kila usiku, hata mkiona feni inatosha.

Kipimo kikionyesha hana malaria na homa ipo, rudi kwa daktari. Dar tulipata milipuko ya dengi 2014 na 2019, na mbu wake huuma mchana. Homa ya namna hiyo usiipe aspirini wala ibuprofeni.

Mdogo kwa umri huo wa miezi 18 ana chanjo ya pili ya surua na rubela. Nenda kliniki na kadi yake ya Kenya, ratiba ya chanjo hiyo ni ileile.

Ticha_Sinza

Mimi nimefundisha kayumba, yaani shule ya serikali, miaka mingi na ninaipenda, ada hakuna na Kiswahili atakipata. Ila kwa mtoto huyu nisingeanzia huko. Darasa likijaa, mtoto asiyesema anaweza kukaa nyuma muhula mzima mwalimu asijue. Tafuta shule yenye darasa dogo, hata kama ni ya Kiingereza. Kiswahili atakichukua uani.

Nenda naye kabla ya Januari, aone darasa likiwa tupu, aketi, amjue mwalimu. Na mkataba ukiisha, jitahidini mhame Desemba. Sisi tuna mihula miwili, Kenya mitatu, lakini sote mwaka tunauanza Januari, kwa hiyo hatarukia katikati.

Mtoto_wa_Temeke

Ticha, hapo sikubaliani nawe. Wangu alikuwa mkimya vilevile, kayumba ndiyo ilimtoa. Wenzake hawakumpa nafasi ya kunyamaza.

MamaWawili_Nakuru

Nimesoma yote, Mungu awabariki. Ticha, nitafuata la darasa dogo, huyu wangu akisukumwa hurudi nyuma. Kadi ya chanjo nimeshaitoa kwenye sanduku.

Nimetoka kwa jirani sasa hivi, chapati nilimpelekea. Alinishika mkono muda mrefu. Ana wajukuu wawili Mwanza, huu mwaka wa pili hajawaona. Amesema kesho saa kumi kijana aende amsaidie kukuna nazi, na atamkalisha yeye mwenyewe kwenye mbuzi.

Nimempa mtoto habari hiyo. Amefikiri sana, kisha akaniuliza kama mbuzi huyo anauma. Nimemwambia kesho tutaenda wote tukamwone.