Naomba ushauri: mwisho wa Kinjeketile jukwaani, tuzime taa au tuimbe?

Habari zenu wakuu. Kikundi chetu cha vijana kinaandaa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji. Mazoezi yanakwenda vizuri, tumekwama kwenye dakika za mwisho.

Mnakumbuka Kitunda, kiongozi wa wapiganaji, anavyombembeleza Kinjeketile kifungoni akiri kwamba maji aliyowapa watu yawakinge na risasi yalikuwa uongo, naye Kinjeketile anakataa, maana akikiri leo, wajukuu wataambiwa babu zao walikosea kupigana. Kijana anayeigiza Kinjeketile anayasema maneno yale taratibu, kichwa juu, mpaka mwili unasisimka.

Baada ya hapo ndipo tunapovutana. Wengine wanataka waigizaji wote waingie na ngoma. Mimi naona ngoma itameza neno lenyewe. Afadhali taa zizimwe akishanyamaza. Tatizo ukumbi hauna pazia, na watazamaji wetu wakiona giza hudhani umeme umekatika, wanaanza kuwasha simu.

Waliowahi kuongoza michezo kwenye kumbi za namna hii, mlifanyaje? Na waigizaji watoke kushukuru baada ya muda gani?